Kidole Kidogo Kishike, cha Pete Kigonge

Iko Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo naiona mbele yangu: siku mama yangu alipovua viatu mlangoni mwa chuo cha kompyuta, na soksi yake ikawa imetoboka kwenye kidole gumba. Keti hapo. Hiyo kompyuta yako unaweza kuiacha ikiwaka, mradi unitazame mimi. Nimekuita kwa sababu ya mambo ya jana, na usianze kunikunjia uso kabla sijasema. Jana nyanyako alibonyeza asichokijua kwenye simu, picha zako za mahafali zikapotea, nawe ukampokonya simu mkononi ukamwambia, "Nyanya, si nilikuambia usiguse!" Picha zilirudi, sivyo? Ulizipata hata chai haijapoa. Lakini nyanyako alijifungia chumbani, na asubuhi hii hajaniitisha hata chumvi.

Sikukuita nikugombeze. Kukugombeza nitakugombeza siku nyingine, sababu hazikosekani. Leo nataka nikusimulie jinsi huyo nyanyako alivyojifunza kompyuta, na mwalimu wake nilikuwa mimi. Utajua pia kwa nini tukikosana, yeye hugonga meza kwa vidole viwili. Umeniuliza jambo hilo tangu ukiwa wa kubebwa mgongoni, nami nikawa nakujibu kwamba utajua ukikua. Haya, umekua, na ndevu umeanza kuota.

Wakati huo, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, tulikaa Kayole, nyumba ya kupanga, ghorofa ya juu kabisa ambako maji yalifika yakipenda. Hatukuwa watu wa Kayole. Mimi nilikulia Makongeni, kwenye nyumba za reli, kwa sababu babu yako alifanya kazi reli, kuunganisha mabehewa na kuyatenganisha. Kazi ikapunguzwa watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa, na nyumba ya kazi huondoka na kazi. Tukafunga vyombo vyetu. Kuanzia hapo mshahara uliotulisha na kutulaza ukawa mmoja tu, wa mama.

Mama alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini. Usicheke. Siku hizi kila mtu anataipu, hata mtoto wa chekechea, lakini zamani zile ilikuwa kazi ya kusomea, na mama aliisomea akaiva. Barua ikitoka mikononi mwake, ungeiinua mbele ya taa na usione mahali palipokwaruzwa. Wala haukuwa mchezo. Kwenye taipureta unapanga karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, mpaka nakala zinazotakiwa zitimie, ndipo uanze kupiga. Ukikosea herufi moja, umeikosea mpaka kwenye nakala ya mwisho huko nyuma. Kuna mabosi waliokubali ile dawa nyeupe ya kufutia, na kuna wasiokubali. Wa mama hakukubali. Kwa hiyo mama akikosea alichomoa rundo lote, akalitupa, akaanza upya kuanzia tarehe.

Jioni moja akarudi kutoka kazini, akafungua kitambaa cha kichwa, akakaa kuchambua mchele pamoja nami. Bila kuinua macho akasema, "Taipureta zinaondolewa."

"Zinapelekwa wapi?" baba akauliza.

"Zinakopelekwa sijui. Kompyuta zinaletwa. Baada ya Pasaka tutapewa mtihani, sisi wote wa taipu. Atakayeshindwa atapewa barua aende nyumbani."

Baba alizima redio. Ewe mwanangu, ukiona babu yako amezima redio wakati wa taarifa ya habari, ujue jambo limemfika kooni. Tulikaa tukimsikiliza jirani akikaanga vitunguu. Hakuna aliyesema neno kuhusu kodi ya nyumba wala karo ya ndugu yangu mdogo, lakini hayo yalikuwa pale pale kwenye sinia pamoja na mchele. Kisha mama akanitazama. "Nekesa, si wewe ulimaliza ile kozi? Utanifundisha."

Wacha nijione! Kozi nilikuwa nimeimaliza kweli, na mwenye chuo, mama mmoja mpole, alikuwa amenibakisha pale niwasaidie wanaoanza. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja juu ya kinyozi, upande wa Spine Road. Kila kompyuta ilikuwa na nguo yake, imeshonwa kwa kitambaa cha pazia, na viatu tulivua mlangoni, kwa sababu mwenye chuo aliamini vumbi la Kayole likiingia kwenye kompyuta moja zitaugua zote. Alinikubalia nimlete mama Jumamosi mchana, darasa likishatoka.

Ndipo akaja, akavua viatu, soksi iliyotoboka ikaonekana. Aliufunika mguu mmoja kwa mwingine, akaketi vivyo hivyo, akatoa mkobani kile kibao chake cha kusimamishia karatasi na kukiweka upande wa kushoto. Akaweka vidole juu ya herufi. Nikamwambia aandike. Loo! Kibodi ililia mfululizo, na macho yake hayakutoka kwenye karatasi hata kidogo. Nilijiambia kazi imekwisha, mtihani huu tumeupita.

Halafu nikamwambia, "Sasa, Matha, kile kichwa cha barua ukikoleze kiwe cheusi. Shika kipanya." Ndiyo, nilimwita Matha, yaani mama kwa lugha yetu ya mtaani. Tulikuwa watoto wa mitaa ya Eastlands, ulimi haukuwa na adabu sana.

Alikishika kipanya kama mtu anayeshika pasi ya makaa. "Mshale uko wapi?"

"Huo hapo."

"Wapi?"

"Hapo juu, Matha. Hapana, umeupitisha. Rudi. Si huko!"

Alipoupata mshale, alikuwa amepoteza mstari wake kwenye karatasi. Aliporudi kwenye karatasi, akaruka mstari mzima. Nikamwonyesha kosa, akarudi kwenye kipanya, mshale umepotea tena. "Acha kutazama karatasi," nikamwambia. "Tazama skrini!" Akatazama skrini, akakosea herufi. Mtu ambaye sikuwahi kumwona akikosea herufi! Jasho lilimtoka juu ya mdomo, akalifuta kwa mgongo wa mkono.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Nilichoka, nikakichukua kipanya chini ya kiganja chake, nikasema, "Leta nikuonyeshe, unachelewa." Mama aliweka mikono mapajani. Akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo inatosha," akaenda mlangoni kuvaa viatu.

Nyumbani baba hakuhitaji kuambiwa. Aliusoma uso wa mkewe, akangoja aingie jikoni, akaniita kwa kidole. "Nekesa. Mama yako alikuwa akitaipu wewe hujazaliwa. Umemuuliza anaifanyaje kazi yake?"

"Baba, hiyo ilikuwa taipureta. Kompyuta ni kitu kingine."

"Sijakuuliza habari za kompyuta. Nimekuuliza kama umemuuliza."

Nikatikisa kichwa.

"Basi kamuulize. Unamjazia tu, unamjazia. Mama yako si behewa tupu."

Neno hilo lilinichoma, nisikufiche. Babu yako hakuwa msemaji, na aliyataja mabehewa pale tu alipokuwa amekasirika hasa. Nikaenda jikoni, nikachukua kisu nikaanza kukata sukuma wiki ambayo hakuna aliyenituma niikate, na nikamuuliza: Mama, wewe ukitaipu, unafanyaje?

Alinitazama aone kama ninamdhihaki. Alipoona sivyo, akafuta mikono, akaketi mezani, akaweka vidole juu ya kitambaa cha meza. "Hapa," akasema, "panaitwa nyumbani. Vidole vinane, kila kimoja na mlango wake. Kinatoka, kinagonga, kinarudi. Macho hayana kazi hapa, kazi ya macho ni karatasi. Mwalimu wetu alitufunika mikono kwa kitambaa, na ukichungulia anakuchapa rula. Mimi sitazami mashine, Nekesa. Na wewe wanipa kidude cha kukimbizana nacho kwa macho, na mkono mmoja uko safarini. Nitafikaje?"

Nilisimama na kisu mkononi, nikaona aibu na furaha kwa pamoja. Mama hakuwa mzito hata chembe. Mimi ndiye niliyekuwa ninamtoa nyumbani kila mara, kisha ninamlaumu kwa kuchelewa kurudi. Na papo hapo nikakumbuka ukurasa wa mwisho wa maelezo yetu ya chuoni, ule ambao mwalimu alituambia, "Hizi mtajisomea wenyewe." Ulikuwa na njia za mkato za kibodi: shika kitufe hiki, gonga kile, kazi imefanyika bila kukigusa kipanya. Sisi hatukujisomea, nani ana wakati? Jumatatu nilifika chuoni mapema nikaanza kuzijifunza. Hebu fikiria, mwalimu mzima, nami sikuzijua zaidi ya moja au mbili.

Kompyuta nyumbani hatukuwa nayo, na nani angekuwa nayo Kayole? Nilichukua boksi la sabuni, nikalikata, nikalichorea kibodi kwa kalamu ya wino mzito. Herufi mama hakuzihitaji, alizijua kuliko mimi. Alichohitaji ni kile kitufe cha pembeni kabisa kushoto, chini, mahali ambapo taipureta yake haikuwa na kitu kama hicho: Kontroli. Nikamwambia kidole kidogo ndicho kitakachokaa hapo, na mama akakicheka kidole chenyewe. "Hiki kivivu? Miaka yote hiki kimekula bure."

Mwanzoni akashindwa. Aligonga vitufe vyote viwili kwa pamoja, au akagonga Kontroli, akaiachia, kisha akagonga herufi. Mtu wa taipu amezoea kugonga na kuachia, kugonga na kuachia. Nilimweleza nikachoka. Kumbe jibu alikuwa nalo mwenyewe. Mama aliimba kwaya kanisani, sauti ya pili, na walifundishwa kwa do-re-mi tangu utotoni kule kwao magharibi. Akafumba macho akasema, "Ngoja. Hii Kontroli ni besi. Besi anashika noti yake hapo chini, haachi. Soprano anaingia juu yake, anagusa, anatoka. Ndipo besi aachie." Akajaribu. Kidole kidogo kikashika, kingine kikagonga, kidogo kikaachia mwisho. Hakukosea tena jambo hilo, na mimi tangu siku hiyo nimefundisha watu wangapi kwa njia ya besi, hata wasioimba!

Basi kila jioni baada ya chakula meza ilifutwa, boksi likawekwa. Baba alijiteua mwenyewe kuwa mtoa amri. Alikaa kwenye kiti chake, redio amezima kwa hiari safari hii, akapaza ile sauti ya reli: "Hifadhi!" Mama akashika, akagonga S. "Nakili!" C. "Kata! Bandika! Koleza!" Wakati mwingine alichanganya makusudi, akatoa amri haraka haraka ili kumkamata, na mama akamjibu kwa vidole bila kupepesa. Jirani alikuja kubisha akiuliza kama kuna ugomvi. Baba akamwambia, "Hakuna ugomvi, tunabandika," akafunga mlango. Nilicheka mpaka nikalala sakafuni. Sikuwa nimewaona wazazi wangu wakicheza tangu tuhame Makongeni.

Hapo, mwanangu, ungesema hadithi imekwisha. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini tuliporudi kwenye kompyuta ya kweli, mama akaganda. Mezani alikuwa moto, pale mbele ya skrini akawa anagusa kila kitufe kana kwamba kitamuuma. Anashika Kontroli, anangoja, ananitazama. "Hii ndiyo?" Ndiyo, Mama. "Una hakika?" Nina hakika. Na Pasaka ilikuwa inakaribia. Safari hii sikumfokea, nilikuwa nimeonywa, lakini moyoni nililia, kwa sababu katika mtihani hakungekuwa na mtu wa kumwambia nina hakika.

Jumamosi moja akawa ameandika ukurasa mzima, mzuri, umenyooka. Nikamwambia auchague wote abadilishe ukubwa wa maandishi. Akashika Kontroli, akagonga A, ukurasa wote ukachaguliwa. Kisha kidole chake, kwa hofu tu, kikagusa herufi nyingine. Ukurasa ukatoweka. Skrini nyeupe, na kijiherufi kimoja pembeni.

Mama alisimama wima. Akashika mkoba wake. "Nimeharibu mashine ya watu," akasema. "Nekesa, mwambie yule mama nitalipa. Kidogo kidogo, nitalipa."

"Mama, keti."

"Sikai."

"Mama, tafadhali. Keti, ushike Kontroli. Kidole kidogo kishike. Sasa cha pete kigonge Z."

Aligonga akiwa amesimama nusu, mkoba begani. Ukurasa ukarudi. Wote, na kila nukta yake.

Alisogea karibu na skrini akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa mwisho. "Ulikuwa umekwenda wapi?"

"Haukuwa umekwenda, Mama. Ukikosea, mashine inakumbuka ulivyokuwa. Unairudisha tu."

"Kila mara?"

"Karibu kila mara, mradi hujaifunga."

Akaketi. Akaufuta ukurasa kwa makusudi, akaurudisha. Akaufuta, akaurudisha. Alianza kucheka kama msichana, akaendelea kufuta na kurudisha, na katikati ya kucheka nikaona machozi yanamdondokea kwenye blauzi. Nilimuuliza kuna nini. Hakuacha kutazama skrini.

"Unakumbuka ulipokuwa mdogo, ile siku ya wazazi shuleni, mlikariri mistari ya Biblia?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesimama mbele nikitafuta uso wake kwenye mabenchi, na mistari ikanipotea kichwani kwa kumtafuta.

"Niliomba ruhusa nikapewa, nikimaliza ripoti moja. Nilibakisha mstari wa mwisho, Nekesa. Wa mwisho. Nikagonga herufi isiyo yake. Nikachomoa karatasi zote nikaanza tena, na nilipofika shuleni mlikuwa mnafagia." Akafuta uso kwa kiganja. "Kidude hiki kingekuwapo siku ile, ningekuja."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeamini kwamba mama alisahau. Nilimshika bega, na tukakaa hivyo mpaka kinyozi wa chini akaanza kushusha mlango wake wa mabati.

Kuanzia siku ile hofu ilimtoka. Mtu akishajua kwamba kosa linarudishika, vidole vyake hulegea, na vikilegea ndipo vinapokwenda kasi. Alikosea, akarudisha, akaendelea, bila kunitazama. Mimi nikawa nakaa karibu naye nikila njugu karanga, mwalimu asiye na kazi.

Mkesha wa mtihani hatukufanya mazoezi. Mama alipiga pasi gauni lake, akaja kuketi mezani mkabala nami, boksi halipo. Nikadhani anataka kusema jambo kuhusu kazi. Badala yake aliweka mkono wa kushoto mezani, kidole kidogo akakishikiza kwenye kitambaa, akagonga kwa kile cha pete, mara moja, taratibu. Akanitazama. "Hiyo ni ya siku ya mistari," akasema.

Mwanangu, nilikuwa mtu mzima wa kujipaka wanja, lakini nililia kama mtoto aliyeanguka. Nikaweka mkono wangu nami, nikashika, nikagonga. Sikutaja ni ya nini. Sote wawili tulikumbuka kipanya kile nilichompokonya mkononi. Mama akasema, "Imerudi," akainuka akaenda kulala.

Kesho yake kutwa nilikaa dirishani. Baba alikuwa ameifungua redio yake vipande vipande akidai ina kasoro, na haikuwa na kasoro yoyote. Jua lilipoanza kupungua tukasikia hatua ngazini, tukazijua. Mama akaingia. Hakusalimu. Aliweka mkoba juu ya kiti, akavua viatu, maana tulikuwa tumezoea sasa, akaketi mezani na kuweka vidole nyumbani. "Baba Nekesa," akasema, "toa amri."

Sauti ya baba ilitoka nyembamba, haikuwa ya reli kabisa. "Hifadhi?"

Kidole kidogo kikashika. S ikagongwa. Na mama akatabasamu meno yote yakaonekana. "Imehifadhiwa," akasema. "Nimebaki."

Ndugu yangu mdogo alipiga kelele mpaka jirani akabisha tena. Baadaye mama, akinywa chai, alitueleza. Kijana aliyewasimamia alimwambia ahamishe aya moja ipelekwe mwisho, akaihamisha. Kijana akasoma, akakuna kichwa, akasema ilikuwa nzuri zaidi pale ilipokuwa mwanzo. Mama akashika, akagonga Z. Alikosea mara kadhaa, alisema hivyo bila aibu, na hakuwa wa kwanza kumaliza. "Lakini sikuchomoa karatasi hata moja," akasema. Aliendelea na kazi ile mpaka alipostaafu kwa heshima, na ni mshahara huo uliomsomesha mjomba wako.

Sasa nikuambie nilichokuitia, nikuambie waziwazi ili usije ukasema mama alizungukazunguka. Ukifanya kazi kwenye kompyuta, jifunze njia zake za mkato. Nimekuona ukikokota mshale huko na huko, mkono unatoka kwenye kibodi kila dakika kama mtu anayepika huku chumvi iko dukani. Usizijifunze zote kwa siku moja. Chukua ile unayoihitaji leo, uirudie mpaka kidole kiijue bila wewe, ndipo uchukue nyingine. Weka mikono nyumbani. Shika kwanza, gonga, kisha uachie. Na usiogope kukosea, kwa sababu anayeogopa hugusa kila kitu mara tatu.

Lakini kasi hiyo, mwanangu, ni ya vitufe. Usiipeleke kwa watu. Ukimfundisha mtu, muulize kwanza mikono yake inajua nini, hata kama mikono hiyo imekunjamana. Usimpokonye kitu mkononi kwa kuwa wewe wakijua upesi. Dakika unazozipata kwa njia za mkato, hizo ndizo za kukaa na yule anayekwenda polepole. La sivyo ulikuwa unaharakisha kwenda wapi? Na nyumbani kwako, ukiwa na mke na watoto, hakikisha mtu akikosea anapata pa kurudi. Mama yangu aliishi nusu ya maisha yake mahali ambapo herufi moja ilimfanya aanze upya. Sitaki mtu yeyote aishi hivyo chini ya paa langu hapa Tassia, sembuse yeye.

Mungu akupe vidole vyepesi na moyo usio na haraka. Akujalie kazi ya kukulisha, na watu wa kukungoja ukirudi kutoka kazini. Makosa yako yawe ya kurudishika, na siku utakapokosea lisilorudishika, akupe mtu wa kukushika bega.

Haya, inuka. Nyanyako amekwishatoka chumbani, namsikia akisogeza kiti. Hotuba haitaki, wala usianze kumweleza mambo ya simu. Keti mkabala naye, weka mkono wa kushoto mezani. Kidole kidogo kishike, cha pete kigonge. Yeye atajua ni ya nini.